Wasomaji Wauliza: Bustani ya Mimea ya Entebbe, Tumbili Wezi na Maji Yanayovutia

Likizo ikikaribia, maswali yenu hufanana: twende wapi palipo na miti, maji na nafasi ya watoto kukimbia, bila kufunga safari ya hadi mbuga ya Murchison? Kwa walio Kampala na vitongoji vyake, jibu la haraka ni Bustani ya Mimea ya Entebbe. Ilianzishwa mwaka 1898 kando ya Ziwa Viktoria kwa ajili ya kujaribia mazao ya biashara kama mpira na kakao, na leo iko chini ya shirika la utafiti wa kilimo, NARO. Ni karibu hekta 40: nyasi za kukalia, njia za kutembea, kipande cha msitu mnene, kisha ziwa. Barua za safari hii karibu zote zinaihusu, isipokuwa moja kutoka Makindye ambayo tumeipa nafasi ya kutosha.

*Nina wanafunzi 60 wa darasa la tano. Tutoke saa ngapi, tuwagawe vipi, na tubebe nini? (Mwalimu, Kawempe)*

Mwalimu, chagua siku kati ya Jumanne na Alhamisi. Mwisho wa wiki bustani hujaa maharusi wanaopigwa picha na vikundi vilivyokuja na spika zao, na mtoto aliyekuja kujifunza mti ataishia kujifunza muziki. Basi litoke Kawempe saa 12 asubuhi. Umbali si tatizo, ni kilomita 40 na kitu, tatizo ni foleni ya mjini. Barabara ya mwendo kasi ya kupitia Busega, iliyofunguliwa mwaka 2018, inaokoa muda, ila ni ya kulipia tangu 2022. Ada hiyo, ya kwenda na ya kurudi, iingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Kiingilio nacho hutofautiana kwa mtoto, mtu mzima na gari, kwa hiyo piga simu wiki moja kabla, na uulize pia habari ya mwongozaji.

Mvua ya Entebbe ina tabia yake, na wengi wa Kampala huikosea. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko ziwa, upepo huvuma kuelekea majini, mawingu hujijenga juu ya ziwa, na ngurumo huwafikia watu wa ufukweni alfajiri au asubuhi. Ukiona weusi upande wa ziwa saa 2 asubuhi usigeuze basi. Mara nyingi kunakucha vizuri kabla ya adhuhuri. Miezi ya kuhesabu mvua ni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Ngurumo zikianza, watoto wote ndani ya basi, madirisha yafungwe. Asibaki mtu chini ya mti mrefu, hata kama majani yake hayapitishi tone. Radi si ya kufanyia mzaha Uganda: Juni 2011, huko Kiryandongo, ilipiga shule ikaua wanafunzi 18.

Watoto 60 ni makundi sita ya kumi kumi, kila kundi na mtu mzima mmoja, na wa saba abaki na mizigo bila kuondoka hata kidogo (sababu utaiona kwenye jibu linalofuata). Makundi matatu yaanzie msituni, matatu yaanzie upande wa ziwa, kisha wapishane. Msituni njia ni nyembamba. Watoto 60 wakiingia kwa mkupuo, wa nyuma hawaoni kitu na wa mbele hawasikii mwalimu. Hesabu watoto wakiingia msituni na uwahesabu tena wakitoka. Maji ni lita moja kwa kila mtoto kwa nusu siku, yaani jerikani tatu za lita 20. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na kipande kizima cha sabuni, bandeji, pamba, kibano cha kutolea miiba na pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha). Soma kwenye pakiti inataka maji kiasi gani, kwa sababu ukizidisha au kupunguza unaharibu dawa.

*Tumbili alimnyang'anya mwanangu mandazi akamkwaruza mkono. Damu ilitoka kidogo tu. Nifanye nini, na tuzuie vipi isitokee tena? (Mama wa watoto wawili, Ntinda)*

Mama, pole sana. Kama hujampeleka hospitali, acha kusoma hapa umpeleke leo. Mkwaruzo au kung'atwa na tumbili kunakotoa damu huhesabiwa kuwa hatari ya kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo ukishaonyesha dalili hauna tiba. Chanjo ndiyo kinga, na haifai kungojewa. Kwa mwingine litakalomkuta: osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili huku ukitazama saa, maana ukikisia utaishia dakika mbili. Usilifunge kwa kulibana, usipake jivu wala pilipili wala mafuta ya taa. Nenda hospitali uwaambie waziwazi kwamba ni mnyama wa porini, nao wataangalia chanjo ya kichaa cha mbwa pamoja na ya pepopunda.

Sasa kuzuia. Nyani wa kwenye mazungumzo ya watu pale Entebbe kwa kweli ni wanyama wawili tofauti. Mbega ni mweusi mwenye manyoya meupe marefu ubavuni na mkia unaoishia na shungi jeupe. Mtoto wake huzaliwa mweupe mzima. Huyu hukaa juu, hula majani, na tumbo lake limeumbwa kuchachusha majani. Ukimtupia ndizi mbivu au mkate unamharibia tumbo. Hana haja na mandazi yako. Mwizi ni tumbili: kijivu, uso mweusi, hushuka chini bila hofu. Amejifunza kwa wageni waliomlisha, na sasa anajua kwamba mlio wa kavera (mfuko wa plastiki) ni mlio wa chakula.

Mwangalie anavyofanya kazi. Hukaa mita tatu au nne kutoka kwenye mkeka, anajikuna ubavu, anatazama pembeni kama aliyesahau alichojia. Macho yakirudi, hayaendi usoni kwako, yanakwenda mkononi. Anamtafuta aliye mdogo, aliye pembeni, na aliyeshika chakula bila kukila. Mwanao bila shaka alikuwa na sifa zote tatu.

Kwa hiyo: chakula kisafiri ndani ya ndoo yenye mfuniko wa kukaza, si kavera wala begi la zipu (zipu wanaifungua). Ndoo ifunguliwe watu wakishakaa, ifungwe kila baada ya kupakua. Watoto wakae katikati, wakubwa waketi kuwazunguka wakitazama nje. Mtoto asitembee na chakula mkononi, na hili ndilo kubwa kuliko yote. Rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, iliwe pale pale ilipofunguliwa. Mtu mmoja akae na fimbo ndefu akiwa ameisimamisha wima. Kuionyesha kunatosha, kuirusha kunaanzisha ugomvi. Tumbili akishashika kitu, mwachie. Mkwaruzo mwingi hutokea katika kuvutana. Usimkodolee macho wala usimchekee kwa meno, kwake meno ni vita. Usikimbie, rudi kinyumenyume polepole ukiwa umemnyanyua mtoto. Na mnapoondoka msiache hata ganda, maana mabaki yenu ndiyo yanayomfundisha kumsubiri atakayekuja baada yenu.

*Maji ya ziwa pale ufukweni ni maangavu kabisa, na vijito vidogo vinavyoingia ziwani vina mchanga mzuri. Kuna ubaya gani tukiingia hadi magotini? Tukirudi nyumbani si tunameza dawa ya kichocho? (Kijana, Jinja)*

Ubaya upo, na uangavu wa maji haupimi chochote. Kichocho cha tumbo huletwa na vibuu wasioonekana kwa macho, wanaotoka kwa konokono wadogo wa majini. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia au yanayokwenda taratibu kwenye magugu: kingo za ziwa, midomo ya vijito, mifereji. Vibuu hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia saa 4 asubuhi hivi hadi mchana, yaani saa zile zile za watu kuoga. Hutoboa ngozi kwa dakika chache. Hadi magotini kunatosha kabisa. Kujifuta kwa taulo kwa nguvu mara tu unapotoka kunaweza kupunguza, ila usikutegemee.

Mpango wako wa dawa una kasoro ambayo wengi hawaijui. Prazikwanteli, ndiyo hiyo dawa ya kichocho, huua minyoo iliyokomaa. Ile iliyoingia leo mchana bado ni michanga, na dawa ya leo usiku itaipita bila kuidhuru. Minyoo huhitaji wiki kadhaa kukomaa na kuanza kutaga, ndiyo maana hata kipimo cha choo kinachofanywa siku tatu baada ya kuoga kitasema huna kitu. Aliyeingia majini ahesabu wiki sita hadi nane, apime, ndipo atibiwe kwa dozi inayolingana na uzito wake, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo. Kabla ya hapo akipata homa, kikohozi na upele unaowasha wiki chache baada ya kuoga, aende kwa daktari na amtajie ziwa. Asipolitaja atapimwa malaria na kurudishwa nyumbani.

Watoto wanaotaka maji wabebewe maji. Jerikani moja ya maji ya bomba na beseni mbili kwenye nyasi zinawatosha. Hata maji ya ziwa yakichotwa yakakaa kwenye chombo safi kisicho na konokono kwa siku mbili, vibuu hufa. Lakini kwa matembezi ya siku moja hilo halikusaidii.

*Mtaani kwetu kuna bonde lenye miti na kijito. Vijana tunataka kulifanya njia ya kutembea na mahali pa kupumzika. Tuanzie wapi? (Makindye)*

Anzeni kwa ruhusa, si kwa majembe. Kanuni za mwaka 2000 za ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinalinda ukanda wa mita 30 kutoka ukingoni kwa mito ya kawaida, mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa kwenye jedwali lake, na mita 200 kwa Ziwa Viktoria. Kazi yoyote ndani ya ukanda huo ni ya kuuliza NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwanza, na kwa kuwa mko jijini, KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, pia. Pitieni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, mpate barua. Njia ya miguu bila zege na bila kukata miti ni ombi jepesi kutetea. Msiombe kujenga vibanda.

Kisha tembeeni bondeni mara mbili: siku kavu, na saa moja baada ya mvua kubwa. Ile ya pili ndiyo yenye maana. Tieni alama kwenye miti pale maji yalipofika, kwa kuangalia majani makavu na makavera yaliyonasa. Njia ipite juu ya alama hizo, na isikaribie ukingo kwa chini ya mita tano. Vijito vya Kampala hupokea maji ya mabati na lami ya mtaa mzima kwa dakika chache. Maji hula ukingo kutoka chini, nyasi za juu zikabaki zimeshika hewa, na anayekanyaga hapo huanguka na udongo. Mvua ikinyesha mlimani wakati bondeni ni kukavu, kijito kinaweza kupanda kabla tone halijawafikia. Maji yanayokwenda kasi hayahitaji kufika kiunoni ili kumwangusha mtu mzima. Chini ya magoti yanatosha, kwa mtoto ni kidogo zaidi.

Njia yenyewe iwe na upana wa mita 1 hadi 1.2. Ikatizeni kando ya mteremko, msiishushe moja kwa moja, vinginevyo mvua ya kwanza itaigeuza mfereji. Uso wake uinamie kidogo upande wa chini, sentimita tatu hadi tano kwa kila mita ya upana, ili maji yavuke njia badala ya kuifuata. Kila baada ya mita 10 au 15 wekeni kizuizi cha mshazari cha gogo au mawe kinachotoa maji nje. Panapolowa daima msijaze udongo, utazama; wekeni mawe makubwa ya kukanyaga. Murramu (changarawe nyekundu ya barabarani), ikipatikana, ishindiliwe hadi unene wa sentimita 10. Chimbeni Januari na Februari, si Aprili.

Kuhusu miti: msiuguse ule uliopo. Mkiongeza, pandeni musambya na mutuba, ambazo mizizi yake hushika ukingo. Msipande mkalitusi kando ya kijito. Hunywa maji mengi na nyasi chini yake hazistawi. Na jambo dogo linaloua miradi mingi ya namna hii: takataka. Kijito cha mjini huleta chupa kila mvua inaponyesha. Bila watu waliopangiwa zamu kila Jumamosi, mtakuwa na jalala lenye njia nzuri.

*Nimestaafu, nina darubini ndogo, napenda ndege. Nisimame wapi na saa ngapi? (Mzee, Bombo)*

Mzee wetu, shikamoo. Uwe mlangoni mapema kadiri wanavyofungua, maana jua linachomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi, na saa mbili za mwanzo ndizo zenye ndege. Usianze msituni, bado kuna giza huko. Simama mahali ambapo miti mirefu inakutana na uwanja wa nyasi, jua likiwa mgongoni kwako, ubaki hapo nusu saa bila kuhama. Hondohondo utamsikia kabla ya kumwona: mabawa yake hayana vile vinyoya vidogo vya chini vinavyoziba mianya, kwa hiyo hewa hupita ikivuma kwa sauti kubwa kila anapopiga bawa. Mtafute juu, mweusi na mweupe, na pembe kubwa juu ya mdomo. Shorobo mkubwa wa buluu hukimbia juu ya matawi kama kuku, huruka vibaya na kwa uvivu. Kasuku wa kijivu hupita kwa makundi asubuhi na jioni, kelele nyingi. Jua likishapanda nenda ufukweni kwa mdiria na furukombe. Ukiona moshi mweusi umesimama juu ya ziwa, si moto. Ni visubi wa ziwani, hawaumi, ila funga mdomo.

*Ni kweli virusi vya Zika vilitoka kwenye msitu wa njia ya Entebbe? Je, ni salama kutembea karibu? (Msomaji, Kajjansi)*

Ni kweli. Vilitambuliwa mwaka 1947 kwa tumbili wa utafiti aliyewekwa kwenye Msitu wa Zika, kisha mwaka 1948 kwa mbu wa msitu huo huo. Msitu ni mali ya taasisi ya utafiti wa virusi ya UVRI iliyoko Entebbe, una mnara wa chuma wa kunasia mbu wa kila kimo, na huingii bila ruhusa ya taasisi. Jina limeutisha umma kuliko ugonjwa wenyewe unavyoonekana hapa nchini. Kinachostahili hofu yako kwenye njia hiyo ni malaria, na mbu wake huuma usiku. Ukilala Entebbe, lala ndani ya chandarua. Mchana paka dawa ya kufukuza mbu miguuni, vaa suruali ndefu, tembea.

*Siafu. (Barua ya maneno mawili kutoka Mukono: "Siafu je?")*

Msimu wa mvua wapo. Tazama chini, hasa msituni: wakivuka njia huonekana kama kamba nyeusi inayotembea. Iruke kwa hatua moja ndefu na usisimame upande wa pili, kwa kuwa walinzi wao wametapakaa mita moja au mbili kila upande. Chomeka suruali ndani ya soksi, au vaa gambuti. Ndala ni kosa. Wakikupanda, ondoka kwanza, ndipo uvue na kuwachomoa mmoja mmoja. Aliyesimama kuwachomoa pale pale anapandwa na wengine. Mdudu wa kuogopa zaidi ni yule mwembamba mwenye pete nyekundu na nyeusi wanayemwita narobi: ukimponda kwenye ngozi hukuachia malengelenge siku mbili baadaye. Mpulize aondoke, usimpige kofi.

*Tunaweza kuchoma nyama? (Kikundi cha vijana, Nansana)*

Ulizeni mlangoni kabla ya kushusha makaa, na mkiruhusiwa tumieni sigiri yenye miguu, juu ya udongo mtupu, mbali na mashina. Joto huua mizizi ya juu na mti hukauka upande mmoja miezi kadhaa baadaye. Msizike makaa mchangani. Hukaa na moto kwa saa nyingi, na anayeyapata ni mtoto asiye na viatu. Mwagieni maji, koroga, mwagieni tena, hadi uweze kuweka mgongo wa mkono karibu bila kuhisi joto. Nyama mbichi isafiri kwenye ndoo yake, si pamoja na kachumbari.

*Bibi yetu anatumia kiti cha magurudumu. Atafika wapi? (Familia, Kireka)*

Kwenye njia pana za magari atafika vizuri siku kavu, na gari linaweza kumshusha karibu na kivuli mkilipia liingie. Msituni hapana: mizizi na tope havipitiki. Chagueni mti mkubwa kando ya njia ya magari, ila kabla ya kumweka bibi hapo tazameni juu. Fenesi hufika kilo 20 na zaidi, na halitoi taarifa.